Blanketi la Kinubi

Tata Wangechi, shangazi yangu,

Na lile blanketi ulilotuzawadia kwa harusi yetu, usiulize tena kama linatupasha joto. Gachau wangu hukifunga kinubi chake nalo, akakilaza garini mpaka kiti cha mbele, akaenda kupigia maharusi wa watu. Tata, nampenda huyu mtu! Naambiwa akigusa nyuzi, bibi harusi hulia.

Jumamosi nilivaa gauni jekundu nikamwambia, "Leo twende wote."

Akacheka. "Utakaa wapi, mpenzi? Juu ya nyuzi?"

Nikacheka pia, nikabaki nyumbani Gitothua na gauni langu. Kila Jumamosi ni hivyo.

Sasa ameitwa harusi huko kwenu Thika. Kinubi kitapanda gari. Mimi nitakuja kwako Kamenu kivyangu, kabla mwezi haujaisha, unipeleke nimsikie mume wangu.

Mwenye raha zake,
Wakonyo