Sakafu ya Mkaratusi Wangu

Jumanne, 10 Oktoba
Mbao zimekaa sebuleni tangu majira ya baridi, zizoee hewa ya nyumba. Leo fundi Garth amezipanga chini bila kupiga msumari hata mmoja, ili nichague ipi ikae karibu na ipi. Nilielekeza kwa mkongojo. Ya kahawia hapa. Ya rangi ya asali pale. Hapana, Garth, hizo mbili nyeupe usizikutanishe!
"Ndiyo, Mwalimu." Ana wajukuu sasa, lakini bado ananiitikia kama yuko darasani.
Zote ni za mti mmoja — mkaratusi wa kando ya kijito, ulioangushwa na tufani. Maisha yangu yote nilijua gome lake tu.

Jumamosi, 14 Oktoba
Imekwisha. Inang'aa. Roz, binti yangu, amekuja kutoka Newcastle kuiona. Akaingia na viatu vyake.
"Mama! Mbona imekuwa mabakamabaka kama paka wa jalalani?"
Nikamwambia ndivyo mti ulivyokuwa. Akamgeukia Garth: mbao mbovu zing'olewe. Garth akajikuna kichwa, akasema anaweza kuipaka yote rangi ya kahawa, hakuna atakayejua.
Hakuna atakayejua! Nilimtazama mpaka akaanza kukusanya vifaa vyake.
Wakati wa chai Roz aliteleza ulimi: wanunuzi hupenda rangi moja. Wanunuzi gani? Kumbe ameshazungumza na dalali. Kumbe kuna makao ya wazee karibu na kwake, yana bustani.
Nilimwambia sakafu hii nimeiweka niikanyage mimi.

Jumapili, 5 Novemba
Roz na mumewe, Keith, wameleta zulia. Kubwa, la kijivu, kama uji uliopoa. Limefunika katikati yote ya sebule. Nilitaka kukataa, lakini Keith alikuwa ametota jasho, maskini. Nikasema asante. Udhaifu!

Jumanne, 26 Desemba
Joto la kiangazi. Nyama baridi ya jana. Roz anasema dalali atakuja mwezi wa Februari, kuangalia tu. "Kuangalia hakuumi, Mama." Nimemwambia kunaniuma.

Alhamisi, 15 Februari
Nimejikwaa kwenye ukingo wa zulia. Nilidaka kiti, sikuanguka. Nikampigia Garth simu aje alikunje.
Alipolikunja akapiga mluzi. "Mwalimu, tumekwisha." Chini yake mstatili mzima umebaki na rangi hafifu! Pembeni mbao zimekolea kwa jua la kiangazi. Katikati ni kama siku ile ya kwanza. Bonde hili zima linajua kwamba sakafu mpya haifunikwi kiangazi chake cha kwanza. Nami nilijua. Adabu ilinifanya nisahau.
Garth akataja tena ile rangi yake ya kahawa. Nikamuuliza, tukiiacha? Akasema jua litaurekebisha mstatili, labda kufikia kiangazi kijacho, labda baada yake. Lakini mapazia yafunguliwe kila asubuhi, na zulia lisirudi.
Nilicheka. Alidhani nimeugua.

Ijumaa, 16 Februari
Roz kwenye simu, sauti juu. Dalali anakuja Jumapili, zulia lirudi! Nikamwambia haiwezekani, mbao zinahitaji jua, na lazima awepo mtu wa kufungua mapazia.
"Nani?"
"Mimi."
"Mpaka lini?"
"Mpaka zilingane na nyingine."
"Zilingane? Mama, si wewe ndiye usiyetaka zilingane!"
"Sitaki zifanane, Roz. Nataka zizeeke pamoja."
Kisha, kwa sauti ya chini: Garth kamwambia nilijikwaa. Msaliti! "Ungeanguka humo peke yako, Mama, nani angejua?"
Nikamjibu: "Nilijikwaa kwenye zulia lako."

Jumapili, 18 Februari
Wamefika. Ninaandika hapa hapa, kiti changu kikiwa katikati ya mstatili. Dalali nimemvulisha viatu. Soksi moja ina tundu. Ni kijana mwenye heshima. Anasema, "Tulirudishe kwa ajili ya picha tu, Bi Tuckwell, mara moja." Nimemjibu kuwa ninaandika, na mtu anayeandika hahamishwi.
Keith ameshika ncha moja ya zulia, Roz ameshika nyingine, wako mlangoni. Hawaingii, hawatoki.
"Mama, inuka."
Siinuki.
"Umekuwa mkaidi kama mbuzi!"
Sahihi.
Mapazia yako wazi. Jua limefika kwenye unyayo wangu, na hapo lilipogusa zinaonekana rangi zote — asali, kahawia, kijivu, na ule mstari mwekundu ambao sikuwahi kuuona. Dalali naye anautazama.
Keith anauliza waliweke wapi, mikono inamuuma. Roz anaitazama miguu yangu.
Ameachia ncha yake. Ameinama — anavua viatu —