Mti wa Adelina

Kimara, 3 Machi 2024

Mwanangu Kokushubila,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Mie mzima, goti tu. Wanafunzi wako huko Mtwara wanakusikiliza?

Mti wa marehemu mama yako Adelina hapa sebuleni unapukutisha majani. Asubuhi nafagia, jioni nafagia. Si kwamba miti siijui. Nimepogoa kahawa Kagera miaka thelathini, watu walikuwa wanakuja kuutazama mkono wangu tu. Nauliza, mama yako alikuwa anaufanyaje? Sikuwaga naangalia. Nataka ukija Pasaka uukute.

Baba yako, Augustine

Mtwara, 15 Machi

Shikamoo baba,

Pole na goti. Mama alikuwa anaupa kikombe kimoja cha maji, kila Jumamosi. Wewe unaumwagilia mara ngapi? Na hiyo kona ina giza. Usogeze dirishani, fungua pazia, matawi makavu uyakate.

Pasaka nina zamu bwenini, baba. Nisamehe.

Binti yako

Kimara, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti limekusikia.

Mwalimu wa hesabu usinifundishe mti. Umeuliza mara ngapi. Sina idadi. Nikimkumbuka, namwagilia.

Na lile pazia alilifunga mwenyewe, asubuhi ile tulipompeleka hospitali. Sijaligusa, na wewe usiniambie niliguse.

Baba yako

Mtwara, 2 Juni

Shikamoo baba,

Miezi miwili kimya. Simu umezima. Jirani Fransis anasema u mzima ila hufungui mlango. Mti ukifa sitakulaumu. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako

Kimara, 14 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mie mzima, na sebule ina mwanga.

Jani la mwisho lilipoanguka nilivuta pazia. Jua likaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mama yako, vumbi tele. Nikapangusa kiti kwanza. Ndipo nikachukua mkasi, nikakata mti ukabaki urefu wa mkono. Utomvu ukanichirizikia mpaka kiwikoni. Nikapaka majivu kwenye vidonda vya mti. Fransis akachungulia dirishani, akasema, "Mzee umeua." Nikamwambia kahawa hujaiona wewe.

Jana limetoka jani. Dogo, limejikunja, jekundu. Mwambie yeyote huko ni mkono wangu.

Maji ni Jumamosi tu, kwa kikombe chake. Siku nyingine nikimkumbuka nakuandikia wewe. Barua hizo zimefika kumi na moja, zipo kwenye droo. Hizo situmi. Njoo uzisome hapa.

Baba yako