Faida ya Ngapi?

Mwenzangu, uko hewani? Nimejifungia stoo ya vitabu. 

Unalikumbuka lile bango langu la faida za chesi kwa wanafunzi, lililoniharibia sketi kwa wino? Leo siku ya wazazi mkuu wa shule kalisoma lote kwenye maikrofoni, faida ya kwanza hadi ya mwisho. Kufikiri kabla ya kutenda. Kuwa mkweli. Kutokata tamaa. Watu wakapiga makofi.

Kisha mgeni rasmi akakaa kucheza na yule binti wa darasa la sita ninayemfundisha, yule mkimya. Mtu mzima na kitambi chake, hata farasi anavyokwenda hajui. Binti akabakiza hatua moja tu amfunge.

Mkuu akaniinamia sikioni, ananuka soda: "Mwambie amwachie mgeni. Tusiaibishane."

Amwachie. Hatua moja imebaki, eti amwachie.

Binti alikuwa ameshasikia. Hakumtazama mkuu, alinitazama mimi. Na mimi, mwenzangu, mimi mwenye bango, nikaitikia kwa kichwa.

Akamlaza mfalme wake ubaoni, ndiyo kukubali kushindwa, taratibu kama anayelaza mtoto. Mgeni akanyanyua mikono juu. Picha zikapigwa. Mkuu anacheka mpaka magego yanaonekana.

Sasa hivi binti kanigongea mlango kurudisha kete, na bango kalikunja vizuri. Akaniuliza kwa adabu zake zote: "Mwalimu, ile ya leo ni faida ya ngapi?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anataka kujua.