Spika ya Kushoto

Jumamosi, 5 Julai

Kahawa nimeianua mapema, ndizi za jioni zimemenywa. Nimetoka mazoezini koo limekauka.

Soprano wananisumbua. Wanaimba kama watu wanaoogopa kumwamsha mtoto. Leo nimewakaripia. Adventina, kiongozi wao, akasema taratibu, "Mwalimu, leo tumeimba mpaka vifua vinauma." Nikawarudisha mwanzo wa wimbo. Kama vifua vinauma, sauti inakwenda wapi?

Nyumbani nikausikiliza wimbo wetu tuliorekodi Bukoba. Sabufa inatoa besi tu. Soprano humo pia hawapo. Sabufa hii imechoka, inaniharibia kazi. Tamasha la kwaya za jimbo ni mwezi ujao. Siwezi kufundisha sauti nne huku nasikia tatu.

Nimeamua. Nanunua muziki wa maana. Amplifaya moja, spika mbili, basi. Pesa ya kahawa ya kwanza ipo na mume wangu, Baba Koku, hana neno. Ila anataka ule wa harusini. Nimemwambia sebule yetu haiolewi.

Jumatatu, 7 Julai

Kayanga, kwa bodaboda. Vumbi mpaka kwenye meno.

Muuzaji alinionyesha sabufa mpya, ndefu kama kabati, taa za rangi zinakimbizana usoni pake. Boksi limeandikwa wati kwa maelfu. Nikamwambia aweke wimbo wangu. Nilikuwa nao kwenye simu, ule halisi kutoka studio, si ule uliozungushwa kwenye makundi hadi ukachakaa. Kioo cha kabati lake kikatetemeka.

"Mama, hii inatikisa bati," akasema.

"Sitaki kutikisa bati. Nataka kumsikia kila mtu anaimba nini."

Akaniangalia kama mtu aliyeingia duka la viatu kuulizia chumvi. Nikaondoka. Namba kubwa kwenye boksi haiimbi. Hilo nimelijua leo.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata spika. Omurushaka, kwa fundi Deo, anayetengeneza redio nyuma ya duka la mbegu. Ni mtumba, boksi za mbao nzito, kila moja inakaa kwenye mapaja kama mtoto wa miaka miwili. Nikavua vitambaa vya mbele na kupapasa mipira inayozunguka vile vibakuli vya sauti. Haijapasuka. Nikabonyeza polepole, ikarudi bila kukwaruza.

Amplifaya ya mezani kwa Deo ilikuwa na upande mmoja tu mzima, kwa hiyo tulizipima moja moja. Kila moja ilitoa sauti safi. Nilisikia pumzi ya mwimba solo kabla hajaanza. Miaka yote sikujua kwamba pumzi ile imo kwenye wimbo.

Deo akataka kuniuzia na amplifaya yake akishaitengeneza. Nikakataa. Amplifaya yenye historia ya kuungua siitaki, hata kwa bei ya bure. Hakununa. Akaniambia Nkwenda kuna mzee anauza yake, nzima.

Nimerudi na spika zimefungwa kwenye kanga nyuma ya pikipiki. Nilizishikilia njia nzima. Mgongo unauma. Furaha.

Ijumaa, 11 Julai

Kyerwa leo. Baba Koku alinipeleka kwa pikipiki yake hadi Nkwenda.

Mzee ni bwana shamba mstaafu, anaitwa Rwegasira. Tulimpa shikamoo, akatukaribisha kwa maziwa kabla ya kuzungumza biashara. Amplifaya ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ya chuma, nzito, haina taa za mbwembwe, ina vitufe vichache vya kuzungusha. Nyuma, namba ya omu, kipimo cha kulinganisha amplifaya na spika, ilikuwa ileile iliyo kwenye spika zangu. Deo aliniambia niiangalie hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

Spika zake moja ililiwa na panya, kwa hiyo tulisikiliza kwa moja. Haikukoroma. Nikazungusha kitufe cha sauti mwanzo hadi mwisho, hakuna mikwaruzo. Watoto wake wamemletea televisheni, amplifaya haitumii tena.

"Nilikataa kuiuza baa," akasema. "Wangeiua."

Baba Koku akamwambia mimi ni mwalimu wa kwaya. Mzee akapunguza bei kabla hatujaomba. "Waitu, ndugu zangu, ichukueni. Kitu cha kusikiliza kiende kwa msikilizaji."

Amplifaya na spika kwa pamoja hazikufikia bei ya ile sabufa ya taa. Nimelala vizuri mchana wa leo kama mtu aliyemaliza kuvuna.

Jumamosi, 12 Julai

Sijui niandike nini.

Asubuhi nilipanga. Spika juu ya stuli mbili, usawa wa masikio, mbali kidogo na pembe za ukuta. Mkeka chini ili sauti isiruke kwenye saruji. Kiti changu katikati. Waya wa shaba mnene, nimeumenya mwenyewe kwa kisu. Nikawasha.

Kulia, sauti tele. Kushoto, hafifu, kama mtu anaongea nje ya dirisha lililofungwa. Kwenye ile rekodi soprano wamesimama kushoto. Hawakusikika.

Nilimkasirikia Mzee Rwegasira. Nikasema ametuuzia amplifaya ya upande mmoja, na maziwa yake. Nikabadilisha waya, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia. Soprano wakahamia kulia, nikawasikia vizuri kabisa. Sasa besi ndio wakapotea kushoto. Basi amplifaya ni nzima. Nikasema ni spika, Deo ndiye kaniuzia bovu.

Nikamwita Baba Koku kutoka shambani, nikamkalisha kwenye kiti changu. Akasikiliza na jembe mkononi. "Zote sawa," akasema. "Tena nzuri sana." Akarudi kwenye migomba yake.

Nikageuza kiti. Nikakaa nikitazama ukuta, spika zikiwa mgongoni. Spika ambayo ilikuwa hafifu sasa ilikuwa upande wangu wa kulia. Ikaimba kwa nguvu. Ile iliyokuwa nzima ndiyo ikazama.

Spika hazina ubovu. Ni mimi.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani nilisimama mbele ya kwaya kama kawaida. Niliona midomo ya soprano imefunguka wazi, mishipa ya shingo imesimama. Nikaziba sikio la kulia kwa kidole, kama ninayejikuna. Wakanyamaza wote. Midomo inaendelea.

Nilipiga mkono hadi mwisho wa wimbo. Nilimaliza pamoja nao kwa kuwatazama tu.

Namfikiria mama. Kwake lilianza sikio moja. Likafuata la pili. Miaka ya mwisho alikaa kwenye vikao vya ukoo akicheka wengine wanapocheka, nusu dakika baada yao. Watu waliacha kumwambia habari kwa sababu kupaza sauti kunachosha. Hata mimi nilichoka.

Naogopa. Sina namna nyingine ya kusema.

Jumanne, 15 Julai

Sijawasha muziki tangu Jumamosi. Nimeufunika kwa kanga.

Mazoezi yamefanyika. Nimemwambia Adventina aongoze, nikasingizia koo. Ameongoza vizuri. Niliumia kwamba ameongoza vizuri.

Usiku wa mtu anayeugua huanza mchana. Nimechambua kahawa bila kusikia redio ya jirani. Labda haikuwashwa. Sijui tena kipi hakipo na kipi sikisikii.

Alhamisi, 17 Julai

Baba Koku amejua.

Tulikuwa tunakula. Akaweka sahani yake chini. "Mama Koku, mbona siku hizi unanikalisha kulia tu?"

Nikasema ni mwanga wa mlango.

"Si mwanga. Jana nilikuita toka upande wa zizi, ukageukia barabarani. Na ule muziki umeununua, umeuvika kanga kama maiti."

Nikalia. Nikamwambia yote, kiti, ukuta, mama. Nilidhani ataniambia nimwachie Mungu. Akasema, "Kesho hospitali ya Nyakahanga. Ng'ombe wa mtu akichechemea anatazamwa kwato, halafu ndiyo anaombewa."

Nimecheka huku nalia. Ni mzigo mwepesi kidogo, ukibebwa na wawili.

Ijumaa, 18 Julai

Hospitali. Foleni ndefu, benchi la jua. Tabibu ni binti mpole, alinisalimia kwa shikamoo, akaniuliza kazi zangu. Nikamwambia kwaya, na kahawa. Aliuliza kama naikoboa mwenyewe. Ndiyo, kwenye ile mashine ya kijijini, vumbi la maganda likinijaa hadi kwenye nyusi.

Akaingiza taa sikioni. Akatazama sana. Nilihesabu pumzi zangu nikashindwa.

"Kuna nta imekauka, imeshikamana na vumbi, imekuwa kama kizibo. Sioni ngozi ya sikio iliyo nyuma yake."

Nikauliza kama ndiyo sababu tu.

"Inawezekana ndiyo. Ila umesema mama yako alipoteza usikivu, na mimi siwezi kuapa kwa kitu nisichokiona. Tuilainishe kwanza kwa matone, urudi Jumatano tuisafishe. Na usiingize kijiti."

Nilitaka aniambie uongo mzuri. Hakuniambia. Namheshimu kwa hilo, na nimemchukia njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 21 Julai

Matone asubuhi na jioni. Nalala ubavu kwenye mkeka, Baba Koku anadondosha. Mikono yake ya jembe inakwenda taratibu kwa kuogopa kuniumiza.

Sikio limezidi kuziba. Sasa upande wa kushoto hakuna kitu kabisa. Binti yule alinionya kwamba itakuwa hivyo, nta inavimba. Kujua hakusaidii.

Nimemtumia Koku ujumbe kule Mwanza kwamba mama yake mzima. Ni nusu ya kweli.

Jumatano, 23 Julai

Nashukuru. Naandika neno hilo kwanza.

Binti alivuta maji ya vuguvugu kwenye bomba kubwa la sindano lisilo na sindano, nikashikilia bakuli chini ya sikio. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili kizunguzungu. Kisha nikasikia mkwaruzo mkubwa, kama mtu anaburuta kitanda ndani ya kichwa changu, na kitu kikaanguka bakulini. Cheusi, kigumu, kama buni iliyokaushwa na maganda yake.

Halafu dunia ikaingia.

Kandambili za muuguzi kwenye saruji. Karatasi zinafunuliwa chumba cha pili. Mtoto analia mbali, na mama yake anambembeleza kwa Kinyambo, neno kwa neno nililisikia. Nilishika ukingo wa kiti.

Binti akaingiza taa tena. "Ngozi nzima, mama. Inang'aa." Akanipima kwa chuma kinacholia kikigongwa, kushoto na kulia. Sawa. Akasema nifunge kitambaa kichwani na masikioni wakati wa kukoboa, na nirudi kutazamwa kila mwaka kwa sababu ya mama. Nitarudi. Sitasubiri niburutwe.

Nje, Baba Koku alikuwa amekaa juu ya pikipiki, ametazama chini. Nilikwenda nikasimama upande wake, nikamgeuzia sikio la kushoto. "Sema kitu," nikamwambia. "Polepole."

Akasema jina langu. La utotoni, siyo Mama Koku. Hajalitumia miaka mingi.

Sijui alitoa sauti ndogo kiasi gani. Niliisikia.

Jumamosi, 26 Julai

Nimewaomba radhi soprano. Nimewaeleza habari ya kizibo. Wamecheka hadi wakakaa chini. Adventina akasema, "Basi tupunguze, Mwalimu, tusije tukakuumiza." Nimemwambia aendelee kuongoza nyimbo mbili kwenye tamasha. Anaziweza, na mimi nitapenda kuketi na kuzisikia.

Nimempigia Mzee Rwegasira simu, bila sababu, kumwambia kwamba amplifaya inaimba. Alifurahi. Hajui kwamba nilimwita mwizi kwa nusu saa. Deo vilevile hajui.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada hatukutoka. Nimefungua dirisha, upepo wa kiangazi unapita. Wimbo wa kwanza niliusikiliza nimefumba macho. Soprano kushoto, besi kulia, alto na tenori wakiwa wamesogeleana katikati. Katikati hakuna spika, kuna ukuta mtupu na kalenda, lakini walikuwepo pale. Ningeweza kunyoosha kidole na kusema huyu ni fulani.

Baba Koku alikaa nami kwenye benchi. Upande wa kushoto, alichagua mwenyewe. Wimbo wa pili akaanza kusinzia. Wa tatu akalala kabisa, kichwa begani kwangu, mdomo wazi.

Nikanyoosha mkono nikapunguza sauti ili asiamke. Nikapunguza tena. Na tena, mpaka ikawa ndogo kuliko pumzi zake.

Bado nilisikia zote mbili.