Vumbi la Muleba Ndani ya Injini ya Jeti

Taata,

Makala yangu ilipata mtu wa kuipitia, mtu anayezijua injini za jeti kwa kuzishika. Nimeona nikuandikie wewe, baba yangu, kisa chote kabla sijamsimulia mwingine.

Zamani nisingetafuta msomaji. Tangu nikiwa shule ya msingi, kila nilichoandika kilipita kwako. Ulikuwa ukirudi kutoka kufundisha fizikia, unashinda kibanjani, kwenye migomba yako, mpaka jua lipoe, kisha unakaa barazani, miguu kwenye beseni la maji, daftari langu magotini. Ukifika mahali usipopaamini hukusema nimekosea. Uliuliza tu, "Umejuaje?"

Unakumbuka tulivyokuwa tukimaliza shughuli zako Bukoba mjini, unanipeleka kando ya ziwa kutazama ndege zikitua? Uliniambia lile pangaboi la nje linazungushwa na injini ya jeti iliyofichwa nyuma yake. Nikakataa. Ukanunua puto, ukalipuliza, ukaliachia nione hewa inavyosukuma, likaenda kumgonga mama mmoja muuza dagaa. Alitufokea kwa Kihaya mpaka ukamwomba radhi kwa heshima, "Waitu, nafundisha mtoto." Tulicheka njia nzima ya kurudi Muleba.

Sasa nipo mwaka wa mwisho wa uhandisi, Dar es Salaam. Nimeandika jinsi vumbi la viwanja vya changarawe linavyokula mapanga ya ndani ya injini. Jarida la wanafunzi lilitaka kwanza ipitiwe na mtaalamu aliyefanya kazi na injini zenyewe. Niliandikia watu wengi. Mmoja alijibu kwamba yeye ni wa madaraja. Wengine, kimya. Msimamizi wangu akasema nisipopata mtu kabla ya likizo kwisha, nafasi yangu itapewa mwingine. Nililia, Taata. Sikuwa nikililia makala.

Likizo hiyo Mama alinituma mjini kununua rangi ya kaburi lako. Nikaingia duka la Mzee Amirali, lile ulikokuwa ukienda kununua vipuri vya baiskeli ukasahau kurudi nyumbani. Alinitambua. Akaniuliza, "Mwalimu hajambo?"

Hakuna aliyekuwa amempa habari. Nilipomwambia, alitoka nyuma ya kaunta, akakaa kwenye ndoo ya rangi. Nikakaa naye. Baadaye akauliza nasoma nini, nami nikamweleza yote, mpaka taabu ya kutafuta mtaalamu. Akainuka, akaita kuelekea ghorofani, "Nasrin, shuka. Binti wa Mwalimu yuko hapa."

Sikujua kwamba binti yake amefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya injini za ndege huko ng'ambo. Alikuwa amekuja kumchukua baba yake wakaishi wote huko, maana mzee amebaki peke yake. Alikukumbuka: mteja aliyemuuliza maswali ya fizikia kabla ya kuuliza bei.

Anti Nasrin alisoma makala yangu palepale kwenye kaunta, kalamu mkononi. Nilingoja asifu kidogo. Akasema, "Sehemu ya tatu siiamini. Umefanya vumbi lote kama lina ukubwa mmoja. Vumbi gani hilo? Umelishika?"

Niliumia. Ndani ya basi niliapa sitarudi kwake. Lakini kulipokucha nilichota udongo wa barabarani, nikachukua chekeche la unga la Mama bila ruhusa. Alinikuta uani nikichekecha vumbi jekundu kama napika keki. Alicheka, Taata. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Kisha akaleta kitambaa chepesi ili tupate punje laini zaidi, tukachekecha wote mpaka nguo zetu zikageuka rangi.

Anti Nasrin alisema kweli. Nilipopiga hesabu upya, punje kubwa zilirushwa pembeni zikala ncha za mapanga, na zile laini zikapita hadi kwenye joto, zikayeyuka, zikaganda humo ndani. Mwanzo sikuliona kabisa hilo la pili. Nilirudi kwake, akasoma tena mwanzo hadi mwisho, akaandika tathmini yake, akasaini. Makala imetoka. Jina lako limechapwa hapo juu, baada ya langu, kama ubini wangu.

Yeye na Mzee Amirali wameondoka wiki iliyopita. Duka limefungwa, na nilipopita nje niligundua sina tena mtu mjini wa kuzungumza naye habari zako. Hilo limenikaa moyoni.

Basi, Taata, nakuacha upumzike. Mama yuko salama, na migomba uliyoipanda karibu na njia imebeba. Ninakuahidi jambo moja: siku mwanafunzi yeyote atakaponiletea kazi yake, nitakaa chini niisome yote, na mahali nisipopaamini nitamwambia, hata akinichukia ndani ya basi.

Mwanao,
Koku