Maneno Saba Mteremkoni

Kaptembwo, Nakuru
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mama mpendwa,

Salamu zangu ni nyingi kuliko vumbi jeupe la machimbo ya hapo Kariandusi. Mimi ni mzima, ni maji tu yanayotutesa. Koo lako je? Dawa unameza ama unaficha chini ya mto kama kawaida?

Chuoni tumepewa kazi. Kila kikundi kitengeneze trela ya mzaha, yaani lile tangazo fupi la filamu, lakini filamu yenyewe haipo. Unachukua jambo dogo la kila siku na kulitangaza kama dunia inaisha. Sisi tumechagua mfereji wa maji wa ploti tunayopanga: vyumba kumi na vinne, mfereji mmoja, maji Alhamisi peke yake. Tumeiita "Mtungi wa Mwisho". Rafiki yangu Kipsang anakimbia polepole, mtungi wa manjano kifuani, kama mtu ameokoa mtoto kwenye moto. Mathe, yule mama wa chumba cha tatu, anamngoja mlangoni na ufagio. Utacheka.

Shida ni sauti ya kutangaza. Joash wa kikundi chetu amejaribu kunguruma, anasikika kama ng'ombe amemeza redio. Ndipo nikakumbuka. Marehemu baba alikuwa akisema kuna kaseti yako ya zamani, ukitangaza sinema juu ya pikapu. Naomba hiyo kaseti, Mama. Tunaonyesha ukumbini tarehe 14 Novemba.

Najua kwa simu sauti yako hainifikii. Jibu umpe Kipyegon akileta kabeji zake sokoni huku Nakuru.

Mwanao,
Kamande


Kariandusi
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mwanangu Kamande,

Bwana asifiwe sana. Natumaini unakula chakula cha kupikwa, si chipsi za kando ya barabara. Mimi Mungu ananishikilia. Kovu limekauka na haliumi, ni sauti tu haijarudi tangu wanitoe ule uvimbe wa koo. Miaka miwili sasa. Nikiita kuku, kuku wanaendelea na shughuli zao.

Kwanza nikuulize. Unatangaza filamu ambayo haipo? Si huo ni uongo, Kamande? Lakini nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu na sisi tulitangaza sinema kule Subukia, mashine ikakataa, na watu walikuwa washabeba viti kutoka nyumbani. Walitufukuza na magunzi ya mahindi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa sinema ya bure ya watu wa sabuni: wanakuonyesha sabuni, halafu picha. Mchana tunapita kuita watu, mimi nimesimama nyuma ya pikapu na maikrofoni, spika mbili juu, baba yako Hiram kwenye usukani. Njoro, Elburgon, Bahati, kote huko wananijua kwa sauti, si kwa sura. Na kazi ile ilikuwa na siri yake. Gari linapita, halingoji umalize. Mama aliye shambani akiinua kichwa, anapata maneno saba, gari limeenda. Kwa hivyo kila maneno saba yawe na ujumbe mzima. Ukisema nane, la nane limeliwa na vumbi.

Baba yako naye alikuwa na siri yake. Kila tukifika mteremko, anazima injini. Pikapu inateleza kimya, sauti yangu inabaki peke yake hewani, hata ng'ombe wanaacha kutafuna. Mwenye gari alimgombeza sana kwa sababu ya breki. Hakuacha. Mimi nilijua kwa hiyo injini kwamba ananipenda, kabla hajafungua mdomo.

Sasa hili nakuambia wewe tu. Nilipookoka, mwaka wa tisini na tisa, niliona mambo ya sinema ni ya dunia. Nikaichukua ile kaseti nikarekodi kwaya yetu juu yake. Siku moja baba yako akaiweka kwenye redio, akasikia soprano. Alitoka akapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Afadhali angenifokea.

Kaseti hii hapa. Sauti unayoitafuta haimo, mwanangu, niliifuta kwa mkono wangu. Ukitaka kwaya, ipo.

Mama yako


Kaptembwo
Jumanne, 23 Septemba 2025

Mama,

Salamu tena, na pole na mvua. Nasikia huko imemwagika. Mimi niko sawa, kikohozi kimeisha.

Nilimpata mzee mmoja mjini anayetengeneza redio, ana deki ya kaseti inayofanya kazi. Tulisikiliza kwaya yote, upande wa kwanza na wa pili. Mzee alianza kuimba besi bila kuombwa. Nilikuwa nakaribia kumwambia atoe. Mama, mwisho wa upande wa pili, baada ya kwaya, kuna sekunde kumi na moja ambazo hukufuta.

Injini inanguruma. Halafu inazimwa. Magurudumu juu ya changarawe. Kengele ya ng'ombe, mbali. Mwanamume anakuambia polepole, "Haya, Wamuyu." Kisha unasikika ukivuta pumzi, na kaseti inaishia hapo.

Mzee aliirudia mara tano. Ya sita hakungoja nimwombe. Sauti ya baba sikuwa nimeisikia tangu tumzike.

Mama, baba amezima injini na wewe umevuta pumzi. Kilichobaki ni maneno. Nisemee wewe, kwa hiyo sauti uliyo nayo sasa. Maneno saba tu.

Mwanao,
Kamande


Kariandusi
Ijumaa, 26 Septemba 2025

Kamande,

Amani ya Bwana iwe nawe. Niko mzima.

Hiyo "Haya, Wamuyu" imeniliza mbele ya Kipyegon, na kabeji zake zinangoja. Asante kwa hiyo. Hilo lingine, hapana.

Nilikuambia niliwaachia vijana kazi ya kusoma matangazo kanisani. Sikukuambia yote. Jumapili ya kwanza baada ya hospitali nilisimama pale mbele kama nilivyosimama miaka ishirini. Nikafungua kinywa, ukatoka upepo. Watoto wa sande skuli wakacheka. Hao ni watoto. Lakini kuna mtu mzima alicheka pia, jina silisemi, ni wa kwaya. Nikakunja karatasi nikakaa. Tangu siku hiyo kiti changu ni cha nyuma kabisa, karibu na mlango, na wimbo ukianza nachezesha midomo tu.

Kazi yenu ni ya kuchekesha, umesema mwenyewe. Usinisimamishe mbele ya watu wa kucheka mara ya pili. Mwambie Joash alambe asali.

Mama yako


Kaptembwo
Jumanne, 30 Septemba 2025

Mama,

Hujambo Mama. Nisamehe. Ile Jumapili sikuijua, ningekuja nyumbani siku hiyo hiyo.

Barua hii haina ombi ndani yake. Kaseti nimekurudishia, imefungwa kwa soksi safi, usiogope. Redio ya baba bado ina mlango wa kaseti. Zile sekunde nimezihifadhi kwenye kompyuta pia, kwa hivyo haziwezi kupotea tena hata ukirekodi kwaya nyingine.

Joash amelamba asali. Hakuna tofauti.

Mwanao,
Kamande


Kariandusi
Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Mwanangu,

Bwana asifiwe. Kipyegon ananiambia kila Jumanne unamvizia pale sokoni ukiuliza kama kuna barua. Sikuwa nimekukasirikia. Hujambo lakini? Umekonda? Yeye anasema umekonda.

Nilikuwa nasikiliza. Kila mchana nikimaliza vyombo, naiweka ile kaseti, naipeleka mwisho. Injini inazimwa, naye anasema, "Haya, Wamuyu." Halafu mimi kimya. Kesho yake tena, haya, mimi kimya. Mwezi mzima nimemngojesha baba yako, mtu ambaye enzi zile hakungoja hata robo dakika. Jumatano nikaomba, nikasema Mungu wangu, kama ulinibakizia pumzi, hukunibakizia ya kupulizia moto peke yake.

Jepkoech fundi wa nguo alikuja kunirekodi kwa simu yake. Tulifungia kuku. Mara ya kwanza jogoo akaharibu akiwa huko huko ndani. Mara ya pili Jepkoech mwenyewe alicheka, si kwa ubaya, alisema uso wangu ulikuwa kama wa kudungwa sindano. Mara ya tatu ikakubali. Kadi ya simu yenye hiyo sauti nimeibandika hapa chini kwa plasta ya kidonda. Ni maneno saba, hesabu.

Kama ni ya aibu, itupe chooni na usiniambie.

Mama yako


Kaptembwo
Jumanne, 18 Novemba 2025

Mama yangu,

Salamu kutoka kwangu, kwa Kipsang, kwa Joash, na kwa mathe wa chumba cha tatu ambaye sasa anataka kuitwa nyota.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa sakafuni. Vikundi vitano vilitangulia, vyote vina mtu wa kunguruma. Yetu ikaanza: ngoma, milipuko, Kipsang akikimbia, watu wanapiga makofi. Halafu nikazima kila kitu, Mama. Muziki, kelele, vyote. Kwenye picha kuna mtungi unaoteremka peke yake ile njia ya mawe nyuma ya ploti. Injini ya baba ikanguruma, ikazimwa. Changarawe. Kengele. "Haya, Wamuyu." Pumzi yako ya zamani. Na baada yake, wewe wa leo:

"Maji yamebaki kidogo, watu ni wengi. Njooni."

Kuna mmoja alianza kucheka. Msichana wa mbele yake akageuka: "We! Nyamaza tusikie." Ukumbi wote uliinama mbele, Mama, niliona migongo ikiinama. Halafu mathe akatokea kwenye picha na ufagio wake akapiga kelele, "Foleni!" na watu wakaanguka kwa kicheko. Walimcheka yeye. Wewe walikusikiliza. Wakataka irudiwe, tukarudia mara mbili.

Mwalimu aliuliza ile sauti tumeitengeneza kwa mtambo gani. Nikamwambia ni mama yangu. Joash naye anasema, "Mathe wako amenipokonya kazi na sina kinyongo."

Mwanao,
Kamande


Kariandusi
Jumanne, 25 Novemba 2025

Mwanangu Kamande,

Bwana asifiwe. Niko mzima kabisa, na barua yako iko ndani ya Biblia.

Jumapili mchungaji aliuliza nani atasoma matangazo. Niliona mkono umeinuka, kumbe ni wangu. Kutoka mlangoni mpaka mbele ni mbali, hujui. Karatasi nilikuwa nimeiandika upya Jumamosi, kila tangazo maneno saba. Nilipofika nilimwomba mpiga kinanda aache kinanda, na nikangoja mpaka benchi la mwisho liache kulia. Nikajiambia mwenyewe, haya, Wamuyu.

Nikasema, "Mkutano wa akina mama Jumatano saa nane."

Watu wa viti vya nyuma walisimama. Nikafikiri wanatoka. Walikuja mbele, Kamande. Walibanana kwenye mabenchi ya mbele na watoto wao mapajani, na yule wa kwaya akasogea kuwapisha.

Mkutano ni kesho. Hakuna atakayesema hakusikia.

Mama yako