Masega ya Ekzosi

Jumamosi.

Nimemtwanga fundi Shabani ngumi ya mdomo, mbele ya wateja wake, gerejini kwake hapa Mikumi.

Gari letu limeishiwa nguvu tena kilimani tukitoka Kidodi, watoto ndani, malori ya miwa yakitupigia honi. Masega ya kuchuja moshi ndani ya ekzosi yameziba kwa mara ya tatu. Nilifika gerejini nimefura.

"Umeiba masega mapya, ukaturudishia yale mabovu!"

"Mzee, sijaiba."

Nikampiga.

Akatema damu, akawasha grenda, akaikata ekzosi mbele yangu. Masega mapya niliyonunua naye Morogoro yalikuwemo, meusi tii, yamelowa oili.

"Nilikuambia injini inakula oili. Usipoitengeneza, masega yoyote yataziba."

Aliniambia kweli. Nami nikamwita tapeli.

Natamani nilipasuepasue lile gari kwa nyundo. Na huu mkono pia.

Jioni ameleta ufunguo wa gari nyumbani, mdomo umevimba. Akamwamkia mke wangu, "Shikamoo, mama," akauweka ufunguo mezani mbele yangu, akaondoka. Miaka yote hajawahi kunipita bila shikamoo.

Marahaba nilishaiandaa. Bado ipo mdomoni.